Sauti Iliyofukua Mgomba

26 Januari 2002

Leo nimesema uongo nyuma ya altare. Padri Constantin amerudi kutoka Ubelgiji na kompyuta nzima ndani ya sanduku, pamoja na kinanda na sahani za programu za muziki. Akaniuliza mbele ya kwaya yote: "Bibiane, unajuaka hii mambo?" Nikajibu: "Sana, Padiri." Mimi nafundisha watu kuandika barua kwa kompyuta, kwenye chumba kimoja hapa Nyalukemba. Programu ya muziki sijawahi kuiona hata kwenye picha. Lakini wanawake wanaoshika kompyuta katika Bukavu hii tunahesabika, na sikuwa tayari kumpa Maître Polycarpe, mkuu wa kwaya yetu, raha ya kuniona nikisita.

Kazi yenyewe ni ya haki. Tangu mlima umwage moto juu ya Goma, boti zinashusha watu kila siku, na madarasa ya parokia yamejaa familia zilizolala chini. Kwaya itatoa kaseti ya kuwasaidia. Shida ni kwamba wapigaji hatuna. Mpiga gitaa alikimbilia Bujumbura, na mpiga ngoma alichukuliwa na wanajeshi, hatujui sasa anapigana upande gani. Basi ala zote zitatoka ndani ya kompyuta, yaani kwangu.

30 Januari

Fedheha tupu. Mambo yenyewe yako hivi: kuna programu mama, ambayo ndani yake unapanga wimbo. Yenyewe haina sauti. Sauti zinatoka kwenye vijiprogramu vinavyoitwa plagini, na kila kimoja ni ala yake: hiki ngoma, hiki besi, hiki zeze la kizungu. Nimevisakinisha vyote kwa uzuri. Nikafungua programu mama, ikaniambia haioni ala hata moja. Nimevitoa, nimevirudisha, nimeizima kompyuta, nimesali. Polycarpe anapita mlangoni akipiga mluzi. Nimemwambia "inajipanga".

1 Februari

Nimeipata! Programu mama inatafuta plagini kwenye folda moja tu, na mimi nilikuwa nimeziweka kwenye nyingine. Ni sawa na mama anayeita watoto uani wakati wamelala chumbani. Nimezihamisha, nikaifungua upya, zikatokea zote kwa mpangilio. Nimecheza peke yangu kama kichaa.

2 Februari

Sherehe imeisha mapema. Ukibonyeza kinanda, sauti inatoka baadaye kidogo. Kidole kimeshanyanyuka ndipo zeze linalia. Polycarpe amecheka mpaka akakaa chini. "Bibiane, muziki yako inatembeaka na miguu."

4 Februari

Imenyooka. Kulikuwa na pahali pa kupunguza akiba ya sauti, ile ambayo kompyuta inaipanga kabla ya kuitoa. Ukipunguza sana inakwaruza, ukiacha nyingi inachelewa. Sasa kidole na sauti vinafika pamoja. Polycarpe amesema mbele ya wote: "Uko génie, maman, akili mingi." Nimejifanya sikusikia ili aseme tena. Akasema tena.

5 Februari

Mvua. Hakuna umeme.

9 Februari

Polycarpe ametunga wimbo wa Goma. Ni mzuri, inaniuma kusema. Unauliza mlima kwa nini umekula soko, na kiitikio kinawaambia wa Goma kwamba ziwa ni moja, waje. Halafu katikati hakuna maneno, sauti moja ya juu inapanda "aa" peke yake, inaning'inia, inashuka. Tulipofika hapo kila mtu aliangalia chini. Pale ni pa Bintu.

Bintu alipanda lori kabla ya Noeli kwenda Kamituga kwa baba yake, Papa Zagabe, mkatekista kule kwenye migodi. Lori lilikutwa limeungua barabarani, kupita Mwenga. Wengine walirudi kupitia porini, yeye hapana. Maiti yake hakuna aliyeiona. Baba yake alingoja mpaka sikukuu ya Wafalme, kisha akalia kilio kama desturi inavyotaka kwa mtu aliyepotelea mbali: wakakata mgomba, wakaufunga kwenye kitenge cha Bintu, wakauzika mahali pake, akanyoa nywele. Habari ilitufikia, tukamwombea misa. Tangu hapo hakuna anayesimama pale alipokuwa anasimama.

Leo Françoise amejaribu. Yeye na Bintu walikuwa wakipanga chumba kimoja. Amefika katikati, sauti ikakatika, akatoka nje. Françoise naye ana madaha.

13 Februari, Jumatano ya Majivu

Nimepata wazo, na limenipendeza kiasi kwamba nimesahau kufunga nikala maandazi.

Kati ya plagini za Padri kuna moja ambayo yenyewe haina sauti. Unaipa sauti yoyote uliyorekodi, unaiambia ikae kwenye kibonye gani, nayo inaivuta juu na chini mpaka inajaza kinanda. Na mimi ninayo kaseti ya mazoezi ya mwaka jana. Kila Jumamosi kabla hatujaanza, Polycarpe alimwambia Bintu atufungue koo: "aa", ngazi kwa ngazi, yeye peke yake kwanza, kisha sisi wote. Kwa hiyo Bintu yuko kwenye kaseti ile, bila mtu mwingine.

Nimeziingiza sauti zile kwenye kompyuta, nimezikata moja moja, nimezipanga kwenye vibonye. Nilipobonyeza cha kwanza, Bintu akaimba. Nilinyanyua kidole upesi. Halafu, niseme kweli kwa kuwa hapa hakuna anayenisoma, nilisikia fahari. Ukienda juu mbali na sauti yake halisi anakuwa mtoto mchanga, na ukishuka sana anakuwa mwanaume mgonjwa, lakini pale katikati ni yeye kabisa.

16 Februari

Nimewasikilizisha kwaya. Wengi wamelia, wamenikumbatia. Polycarpe amefumba macho muda wote. Padri ameuliza kama si dhambi, kisha akasema mwenyewe kwamba sauti ni zawadi ya Mungu, akaenda kuungamisha watu.

Françoise alinifuata nje.

"Bibiane, uliuliza nani?"

"Kuuliza nini?"

"Kuuliza kama unaweza kumuimbisha."

"Françoise, ni sauti tu."

"Sauti ya mutu haiko 'tu'. Baba yake iko muzima. Ungemuuliza."

"Kwa njia gani? Barabara imefungwa."

"Kwa foni, ile redio ya kuongelea. Alipokufa, habari ilikuya na foni. Sasa juu ya kuimba, foni imekufa?"

Wivu huo, wala hauna jina jingine. Nimemwambia hivyohivyo usoni, maana nina mdomo.

20 Februari

Mvua. Tumerekodi sauti za wanaume. Bulonza wa besi ana mafua.

28 Februari

Wakubwa wameanza mazungumzo ya amani huko Afrika Kusini. Kwenye redio kila mtu ni baba wa taifa. Hapa wanajeshi wamechukua baiskeli ya jirani yetu.

10 Machi

Kaseti imekamilika. Jana ulizuka ubishi juu ya ganda lake. Ilibidi kuandika majina. Kwenye wimbo wa Goma nikauliza: tuandike "marehemu Bintu"? Polycarpe akakataa. "Nani aliona maiti? Mimi siandike mutu marehemu bila maiti. Tunaweza kumuitia kifo." Wote wakasema kweli, hiyo haiandikwi. Basi imeandikwa: "Sauti ya juu: Bintu." Kompyuta haikutajwa. Mimi nimetajwa kwa kinanda.

Nilitaka kusema tuweke angalau neno moja la maelezo. Kisha nikafikiri, tukieleza, watu watasikia mashine badala ya kusikia wimbo. Nikanyamaza.

17 Machi

Tumeuza baada ya misa, zimeisha mlangoni. Maman mmoja wa Kadutu alinishika mikono yote miwili, machozi yanamtoka. "Bintu alirudi! Mungu Nyamuzinda iko mukubwa! Mwali anaimba sawa malaika!" Nilitabasamu. Sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia, na wakati natafuta maneno watu walimsukuma, akaenda zake amefurahi.

Nimeosha vyombo vyote vya nyumbani, hata visafi.

31 Machi, Pasaka

Tumetoa nakala nyingine. Mfanyabiashara mmoja anaitwa Yannick amechukua boksi zima, anaenda nalo kwa kindege cha mizigo hadi Kamituga. Wachimbaji wanapenda muziki, kasema. Nilifurahi, nikajiona nasikika mpaka migodini.

Nilipoandika neno Kamituga mkono umesita. Papa Zagabe yuko kule. Lakini Kamituga ni kubwa, na mzee aliyefiwa hanunui kaseti.

3 Aprili

Mvua ya mawe. Paa la darasa la wakimbizi limetoboka.

9 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilikuwa na wanafunzi. Akaja mjumbe kutoka kwa mwenye foni wa Nguba, kwamba niende mara moja, kuna ujumbe wa Kamituga. Foni ni ile redio ya antena ndefu: unasema wewe, unamaliza na "à vous", anasema mwenzako, na kila mwenye mashine toka Shabunda mpaka Uvira anasikiliza akipenda. Ndani ya kile chumba kulikuwa na watu wanangoja zamu yao, maman wawili wa kwaya yetu wakiwemo, na mwanajeshi mmoja anayekaa pale kila siku kusikiliza nani anasema nini.

Mwenye foni akanisomea aliyokuwa ameandika: "Papa Zagabe anasalimia kwaya. Kaseti tulisikia. Anauliza Bintu anakaa kwa nani. Kilio tumeshaondoa. Mugomba tumefukua."

Nilimwomba anisomee tena. Mugomba tumefukua. Mzee alisikia Goma ndani ya wimbo. Moto wa Goma ni wa Januari, na mtoto wake alipotea Desemba. Akapiga hesabu ambayo mtu yeyote mwenye akili angepiga. Ganda likamthibitishia. Akaita jamaa zake, wakachukua jembe wakafungua kaburi.

"Maman Bibiane, jibu," mwenye foni akasema. "Bo banangoja kwa mashini."

Chumba chote kilinigeukia. Ningetakiwa kusema maneno machache tu: Papa, si yeye, ni mimi, kwa kompyuta. Nikawaona wale maman wa kwaya. Nikajiona nikisema kwamba nimemwimbisha maiti, na Kivu nzima ikisikia, na mwanajeshi yule akicheka. Nikashika mashine nikasema:

"Muambie Papa Zagabe asubiri kidogo. Tutamuelezea. À vous."

Kule wakasema "bien reçu", yaani wamesikia. Mwenye foni akanitazama sana. Nikatoka mbio, nimesahau mwavuli.

Asubiri kidogo. Niliyasema mimi haya, kwa mdomo uliokuwa unajua. Mdomo huponza kichwa, husema watu, lakini wangu umeponza kichwa cha mwingine.

10 Aprili

Nimekwenda kwa Polycarpe. Nilidhani atashika kichwa. Alikuwa anakunywa chai.

"Ngoja kwanza ile boksi ingine iuzwe," akasema. "Batu ba Goma banalala mu maji. Halafu tutaandikia muzee barua muzuri, na pole kidogo."

"Maître, ameshafukua mgomba."

"Sasa useme ni mimi nilifukua?"

Miezi yote hii nimekuwa nikingoja mtu huyu aniite génie. Nimemwangalia akikoroga sukari, nikaona haya kwa ajili ya hilo pia.

11 Aprili

Nimejikaza, nimekwenda foni. Radi ya usiku imeangusha antena. Chumba kimefungwa. Juzi kilikuwa wazi, nami nilikuwa ndani yake.

14 Aprili

Antena imesimama. Nilikuwa wa kwanza mlangoni. Kamituga wamejibu haraka: Papa Zagabe hayupo. Aliondoka Jumatano asubuhi, kwa miguu. Alipoambiwa asubiri kidogo, alisema, basi kweli yuko, wanamficha kwa sababu ya wanajeshi, ninamfuata. Barabara haipitiki, amepita na njia za porini.

Mzee wa miaka sitini na kitu. Katika mvua hii, katikati ya kila aina ya bunduki.

15 Aprili

Mvua.

16 Aprili

Mvua. Nimewafundisha wanafunzi kuchora jedwali. Hawakuelewa, wala mimi sikuelewa.

17 Aprili

Nimekwenda kwa Françoise. Nilitayarisha maneno njia nzima, na alipofungua mlango nikalia kama mtoto. Alinivuta ndani. Hakusema "nilikuambia", na hilo ndilo lililonichoma. Chumba bado kina vitanda viwili. Kile cha Bintu kimetandikwa.

Nilimwita mtu wa madaha, nikamwita mwenye wivu. Kumbe katika kwaya nzima ndiye peke yake aliyekuwa amefiwa.

"Akifika, atafikia hapa," akasema. "Anajua hii nyumba. Utakuya kila siku kumungoja na mimi."

18 Aprili

Tumengoja. Mvua.

19 Aprili

Wanasema wamepigana upande wa Walungu. Tumengoja. Françoise amenifundisha kushona upindo wa kitenge.

21 Aprili

Misa nimeisikiliza nikiwa nje. Wanaimba Goma. Pale katikati kompyuta imemtoa Bintu, na kanisa zima limeinua macho kwa furaha. Nimeziba masikio.

23 Aprili

Amefika.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, mvua imetulia. Nilisikia Françoise anasema "Yesu", nikageuka. Papa Zagabe alikuwa amesimama kwenye kizingiti, matope mpaka magotini, kiatu kimoja kimefungwa kwa kamba. Nywele zimeanza kuota, nyeupe fupi. Alikuwa anatabasamu. Alimpita Françoise kwa macho, akanipita mimi, akaangalia kitanda.

"Iko kanisani?" akauliza.

Akakaa kwenye kiti, akafungua mfuko wake wa plastiki. Akatoa kitenge cha bluu, kimekunjwa vizuri.

"Nilimuletea nguo yake. Tuliizikaka na mugomba. Nilifua mara mingi, lakini udongo ya Kamituga iko mwekundu, haitokake." Akatuonyesha doa, kama mtu anayeomba radhi. "Atanisamehe. Iko wapi, mwali wani?"

Françoise alinitazama. Hakunisaidia, na alifanya vyema.

Nikapiga magoti. "Papa, Bintu hakurudi. Hatujamuona tangu lori."

"Hapana. Niliisikia."

"Sauti ni yake. Lakini si yeye aliyeimba."

"Sasa nani aliimba?"

"Ni mimi, Papa. Na vidole."

Hakuelewa, na nani angeelewa. Akadai kuona. Tukatoka sote watatu mpaka chumba cha kwaya, yeye mbele, anatembea haraka kuliko sisi. Umeme ulikuwepo. Nilifungua programu, nikafungua wimbo, nikamwonyesha kinanda. Nikabonyeza.

Papa Zagabe alishtuka akaangalia nyuma yake, mlangoni.

Nikabonyeza tena. Sasa aliangalia mkono wangu. Akanitoa kwa upole, akakaa yeye, akabonyeza kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayegusa chungu kujua kama kina moto. Katikati ya kinanda alikaa muda mrefu.

"Anaweza kuniita?" akauliza.

"Hapana, Papa. Anajua 'aa' tu."

Akaendelea kushuka. Chini sana Bintu akawa yule mwanaume mgonjwa. Mzee akatoa mkono mbio na kuupangusa kwenye suruali. Kisha akageuka, na tabasamu lile lilikuwa limekwisha.

"Ulisema nisubiri. Kwa foni. Nisubiri nini?"

"Nilitaka kueleza, Papa."

"Batu balikuwa pale, mashini ilikuwa pale, mudomo ulikuwa nayo. Juu ya nini hukueleza?"

"Niliona haya."

"Haya ya nani?"

Nikaangalia vibonye.

"We uliona haya," akasema, "njo mimi nikapita pori. Nililala mu mabwawa. Nilikuta batu bamekufa mu njia, nikabaruka, juu nilikuwa nakimbilia mutoto. Sikuwaombea hata." Sauti yake haikupanda. "Mama yake alikufaka zamani. Njo nikasema, Mungu amenirudishia moja. Kijiji yote ilicheza. We ulikuwa unajua."

Françoise alimshika mkono, wakaondoka. Nimebaki mbele ya kinanda. Nilitaka aniadhibu, anitukane, anipige hata kofi, ili na mimi nipate kitu cha kulalamikia. Hakunipa.

24 Aprili

Amelala kwenye kitanda cha Bintu, Françoise kanambia. Polycarpe alikuja na bahasha ya pole kutoka kwa kwaya. Mzee aliirudisha bila kuifungua. Polycarpe akaja kwangu kulalamika kwamba mzee ana kiburi. Nimemfungia mlango usoni.

26 Aprili

Mvua kidogo. Nimeshona.

27 Aprili

Papa Zagabe alikuja asubuhi chumbani kwa kwaya, amenyoa nywele upya. Nilisimama. Akaniambia nikae.

"Bibiane, nipe ile sauti."

Nikasema nitamtolea nakala kwenye kaseti, nzuri, iliyosafishwa.

"Sitaki kopi. Sikiliza. Ile mara ya kwanza sikuwa na kitu ya kuzika. Hata unywele. Njo tukazika mugomba, juu mutu hawezi kubaki juu ya udongo bila nyumba. Sasa nilifukua. Kule kaburi iko wazi, mvua inaingia ndani. Siwezi kurudia mugomba, ndugu bataniona kichaa. Lakini sasa kitu yake iko. Iko kwako. Nipe, niende kumuzika."

Nilimpa kaseti ya mazoezi, ile ambayo Bintu anaimba mwenyewe kwa pumzi yake. Aliishika, akaielekezea kidole kompyuta.

"Na ile ya ndani. Toa yote. Mutu hazikwake nusu."

Kwa hiyo nilifuta, mbele yake. Faili moja moja, na kila moja niliisikilizisha kwanza, kwa sababu alitaka kuhakikisha ni yeye. Kila sauti alitikisa kichwa: ndiyo, futa. Mashine iliniuliza kila mara kama nina uhakika. Ya mwisho ilikuwa ile ya juu kabisa, ambayo Bintu alikuwa akiifikia kwa kucheka kidogo mwishoni, kwa sababu sisi wengine hatukuiweza. Nilikuwa nimekikata kicheko ili sauti iwe safi. Nikamwambia, kicheko chenyewe kiko kwenye kaseti.

"Muzuri," akasema. Akaifunga kaseti ndani ya kitenge cha bluu, akafunga fundo. "Sasa uende kwa foni. Uambie ndugu zangu yote, we mwenyewe, sawa ulinionyesha mimi. Bakate nyasi, basafishe shimo. Yannick atanipakiza mu ndege ya kesho kutwa, alisema ni deni yake."

Nilikwenda. Foleni ilikuwa ndefu, na yule mwanajeshi alikuwepo. Nimesema yote. Sikupunguza sauti. Nimesema jina langu, nimesema kompyuta, nimesema nilijua siku ile nilipowaambia wasubiri. Mwanajeshi hakucheka, alikuwa ameinamisha kichwa. Maman mmoja alitema mate chini, akatoka. Nikasema "à vous", na kutoka Kamituga kukaja mngurumo tu. Kisha sauti moja ikasema: "Tumesikia. Shimo tutalisafisha."

Nilitegemea kwamba nikishasema, haya itapungua. Haikupungua, ila sasa naujua ukubwa wake.

28 Aprili

Nimesema tena kanisani, baada ya matangazo. Padri alitaka kusema yeye, nikakataa. Maman wa Kadutu alikuwa safu ya tatu. Alinirudishia kaseti yake mkononi.

29 Aprili

Kindege kimeruka. Papa Zagabe alibeba fundo lile kifuani, ndani ya shati. Aliniaga kwa mkono. Hakusema amenisamehe, na sikumuuliza.

4 Mei

Ujumbe wa foni: wamemzika. Watu walikuwa wengi. Hawakupiga kaseti.

11 Mei

Mvua zinaanza kwisha. Polycarpe amenitumia salamu. Françoise amekuja kula kwangu, tumecheka kidogo juu ya mafua ya Bulonza.

18 Mei

Kesho ni Pentekoste, na wa Goma wameomba wimbo wao. Wanaanza kurudi kujenga juu ya mawe. Kwaya imekubali. Pale katikati hakuna atakayeimba. Tutasimama kimya mpaka zamu yake ipite, halafu tuendelee.

Asubuhi nilikwenda kutayarisha ngoma na besi. Nikafungua wimbo. Programu mama ilizikagua ala zake moja moja, kisha ikasimama na kunifungulia kidirisha: faili ya Bintu haipatikani, niitafute, au niendelee bila yake?

Nilikaa mbele ya swali hilo mpaka umeme ukakatika.